Mguu wa Kushoto wa Mjomba

9 Januari

Kwako Sindano,

Nimefika kituo cha kwanza salama. Chumba kina kitanda, kabati lisilofunga na meza yenye mguu mmoja mfupi. Mguu huo nimeshauwekea kipande cha ngozi chini, kwa hiyo meza imetulia na naweza kukuandikia.

Kabla ya salamu, tuzungumze kuhusu viatu ulivyonishonea vya safari. Jana nilivivua, nikachukua uzi nikapima ndani. Cha kushoto kimezidi cha kulia kwa urefu wa punje ya mchele, na upande wa kidole kidogo umeweka nafasi ambayo haimo kwenye kalibu yangu. Kalibu yangu naijua. Nilichonga ile miguu ya mbao kwa mkono wangu mwaka nilioanza kazi, miaka thelathini na moja iliyopita, na miguu yote miwili ni sawasawa. Sasa wewe umeshonea kwenye kalibu ya nani? Kama umechanganya na ya mteja sema tu, sitakumeza. Lakini fundi viatu kuzunguka dunia na viatu vyenye kasoro, tena kutoka karakana yake mwenyewe, ni kunivua nguo hadharani.

Watu mtaani wameniuliza sana kwa nini mtu wa miaka hamsini na nane asimamishe kazi mwaka mzima akatembee. Nimewajibu kwamba nimeshika miguu iliyokwenda kila mahali, na wangu haujavuka daraja la mtaani. Ukiulizwa, jibu hivyohivyo.

Nakukumbusha tulichokubaliana. Mwaka huu karakana inaendeshwa kwa kalibu zilizopo rafuni na kwa marekebisho. Mteja mpya akija, mwambie arudi Januari ijayo. Usimshike mtu mguu. Kushona unanishinda, hilo nimeshalisema mara moja na inatosha, usije ukavimba kichwa. Kupima ni kazi yangu.

Simu nimekuachia kwa ajili ya wateja na sinunui nyingine. Ukinitaka, andika. Anwani zote kumi na mbili nimezibandika ukutani juu ya cherehani, na tarehe zake. Msalimie mama yako, mwambie mdogo wake bado hajapotea.

Mjomba wako

---

22 Januari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika na harufu ya gundi, sijui umeifungia na nini. Mama ameisoma akacheka, akasema hata ukienda mwezini utatafuta meza ya kurekebisha.

Kuhusu viatu, nimesikia. Je, vinabana? Vinapwaya? Vimekutoa lengelenge? Hujasema. Ungekuwa mteja ungeniambia ulipoumia kabla hujaniambia punje za mchele.

Huku kazi inakwenda. Mwalimu wa hesabu ameleta vile vyake vyeusi kwa mara ya nne vibadilishwe soli, na bado anasema vipya ni vya vijana. Hakimu alipita kukuulizia. Nesi mkuu naye alikuja, nikamwambia asubiri Januari ijayo kama ulivyoagiza. Wote wanasimama mbele ya ile orodha yako ukutani wanaisoma kama tangazo la kazi.

Kiti cha kupimia nimekifunika kwa shuka. Nilikaa siku moja pale unapokaa wewe, kwenye kile kigoda kifupi mbele ya mteja, kuona dunia inavyoonekana ukiwa chini. Inaonekana magoti tu. Umewezaje miaka yote hiyo?

Nieleze zaidi huko uliko. Wewe ndiye uliyesema unakwenda kuona, na mpaka sasa umeniletea habari za meza na kabati.

Mpwa wako,
Sindano

---

20 Februari

Sindano mwenye mdomo,

Umetaka habari, haya. Huu ni mji wa tatu na ni mji wa ngazi tupu. Kwenda kununua sabuni ni kushuka ngazi mia moja na arobaini, na kurudi nazo ni zilezile. Watu wa hapa soli zao zinaisha mbele kwenye vidole, wakati kisigino bado kizima. Kule nilikotoka, mji wa barabara tambarare, visigino ndivyo vinavyokwisha, upande wa nje. Nimekaa kituo cha treni asubuhi tatu mfululizo naangalia miguu inavyoshuka. Nimejipa mchezo wa kubashiri kazi ya mtu kwa soli zake, kisha namfuata na kumwuliza. Nimepata mpishi, nimepata dereva, nimepata mama anayefundisha watoto kuogelea. Mmoja nilimwambia ni askari akaniambia ni mchungaji wa kanisa. Tulicheka, akaninunulia chai.

Kuna jumba la makumbusho lina viatu vya kale kwenye kioo. Mlinzi aliniona nimepiga magoti mbele ya jozi moja akadhani nimeanguka. Unajua kwa nini? Zamani walishona cha kushoto na cha kulia bila tofauti yoyote. Mtu anavaa, na mguu wenyewe unatafuta pa kukaa. Nimesimama pale muda mrefu nikijiuliza waliumia kiasi gani, na kama walijua kwamba wanaumia, maana walikuwa hawajavaa kingine.

Sasa swali lako. Havibani. Havipwayi. Nimepanda na kushuka ngazi hizi siku kumi na mbili sina lengelenge hata moja, na ile sugu ya kidole kidogo cha kushoto, niliyokuwa naikwangua kila Jumapili tangu hujazaliwa, imeanza kulainika yenyewe. Sikupendi kwa hilo. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika.

Kwa hiyo nauliza tena, na safari hii si kwa hasira ila kwa udadisi. Hiyo si kalibu yangu, na rafuni hakuna kalibu nyingine yenye umbo hilo, nazijua zote. Mtu amenipima. Nani? Mimi mwenyewe sijawahi kujipima tangu ile mara ya kwanza.

Mjomba wako

---

8 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nimefurahi kwamba sugu inalainika. Hiyo ndiyo habari kubwa, mengine ni udadisi wa mtu mwenye nafasi.

Na mimi nina swali. Zamani, mteja alipokaa, ulikuwa unachora wayo kwenye karatasi, unazungusha futi, halafu unaukamata mguu kwa mikono miwili na kufumba macho. Nilikuwa nasimamisha cherehani ili nisikusumbue. Ulikuwa unasikiliza nini? Nimejaribu kumwuliza mama, akasema alidhani unasinzia.

Mwalimu wa hesabu hajambo. Nesi mkuu anakusalimia, alipita jana akitoka zamu, anatembea vizuri kabisa siku hizi. Mvua imenyesha wiki nzima na paa linavuja palepale.

Sindano

---

2 Aprili

Sindano,

Swali lako kuhusu kufumba macho nimeliona. Nitalijibu nikipenda.

Kwanza hili. Katika mji huu wa tano kuna duka la viatu ambalo fundi wake hamgusi mtu. Unasimama juu ya sanduku la kioo, taa inapita chini ya nyayo zako, na miguu yako inatokea kwenye skrini ikiwa na namba kila mahali. Nikamwambia mimi ni wa kazi hiyohiyo. Akafurahi, akaniomba nipande. Nikapanda. Ikatoka kwamba mguu wangu wa kushoto umezidi wa kulia kwa punje moja ya mchele, na kidole kidogo kimetanuka nje. Fundi akaomba kiatu changu, akaingiza kijiti chake ndani, akaangalia skrini, akaangalia kiatu, akaniuliza nimepimwa na mashine ya aina gani. Nikamwambia huko kwetu hakuna mashine. Hakuniamini.

Kwa hiyo miaka thelathini na moja mimi ndiye niliyekuwa nimekosea. Nimepima mtaa mzima nikajisahau. Hilo nimelimeza.

La pili silimezi. Hapa mapokezi nimekuta barua ya hakimu. Ameinakili anwani kutoka ukutani kwetu. Anaandika, nakunukulia: "Baada ya miaka miwili ya kutamani kuahirisha kila kesi ili nivue viatu, mpwa wako amenipima upya mwezi Februari na sasa nasikiliza mashahidi mpaka mwisho. Kwa nini ulimficha binti huyu?"

Februari. Wakati wewe unaniandikia kwamba kiti kimefunikwa shuka. Na nesi mkuu anayetembea vizuri, naye alipona kwa maombi?

Nilikuomba jambo moja tu, Sindano. Nina tiketi ya mji unaofuata, na nina tiketi ya kurudi ambayo naweza kuibadilisha siku yoyote. Nisipokuta maelezo ya kweli kwenye anwani ya sita, nakata safari, narudi kufunga mlango huo mwenyewe.

Mjomba

---

18 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Ulichokiandika ni kweli. Nimepima watu tisa. Shuka lilikuwa juu ya kiti siku nne, nikalitoa.

Nesi mkuu alikuja Januari amevaa kandambili. Ana zamu ya saa kumi na mbili akiwa amesimama, na viatu ulivyomshonea mwaka juzi alikuwa amevipasua pembeni kwa wembe ili apumue. Alikuwa hajakwambia kwa sababu anakuheshimu. Nilimwambia asubiri Januari ijayo kama nilivyokuandikia. Akaniangalia, akageuka na kandambili zake, na mimi nikamwita kabla hajafika mlangoni. Nilimwomba arudi baada ya zamu, miguu ikiwa imevimba, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa unafanya na ulikuwa hujui kwamba nakuangalia. Baada yake akaja hakimu, na wengine wakafuata.

Lakini ukitaka kweli yote, haikuanza Januari.

Ulikuwa unafumba macho. Mwaka juzi, kipindi cha mvua, ukaanza kupima macho wazi. Unaminya, unaangalia uso wa mteja kuona kama ameumia. Nilidhani umebadilisha mtindo. Halafu siku moja ulijikata na kisu cha ngozi ukaendelea kukata, na mimi ndiye niliyeona damu kwenye ngozi ya rangi ya maziwa ya viatu vya bibi harusi mmoja. Ulisema hukusikia kwa sababu ya kelele za cherehani. Mjomba, cherehani ilikuwa imezimwa.

Tangu hapo, kila kalibu uliyonipa niliiangalia mara mbili. Nilichukua viatu vya zamani vya mteja, nikasoma alivyovichakaza, halafu nikagundisha vipande vyembamba vya ngozi kwenye kalibu yako pale palipopungua, na kiatu kikiisha nilivibandua ili usivione. Miaka miwili. Wengi nilipatia. Wengine nilibahatisha tu, maana sikuruhusiwa kuwashika, na nesi mkuu na hakimu nilibahatisha vibaya. Kila hakimu alipopita akichechemea niliona ni mimi niliyemfanya hivyo.

Sikukwambia kwa sababu niliogopa. Niliogopa utaacha, na mimi nje ya karakana hii sina ninachojua kufanya wala mtu wa kunifundisha. Na nilikuonea huruma, hilo najua hulitaki lakini ndivyo.

Na viatu vyako. Baada ya chakula cha mchana unalala kwenye benchi, miguu juu ya kreti. Nilikupima kwa uzi mchana wa siku tatu, Novemba iliyopita. Siku ya kwanza kushoto, ya pili kulia, ya tatu nikarudia kushoto kwa sababu sikuamini. Kisha nikachonga kalibu mpya, ipo nyuma ya mapipa ya gundi. Huamki kirahisi, na unakoroma.

Ukitaka kurudi kunifukuza, rudi. Lakini malizia safari kwanza. Umevalishwa viatu vya mwaka mzima.

Sindano

---

30 Mei

Shikamoo Mjomba,

Naituma hii anwani ya nane, kwa kuwa ya sita na ya saba hukunijibu. Mama anasema ukinuna huwa unanuna kwa mwezi, na kwamba mlipokuwa watoto uliwahi kukaa siku nne hujaongea naye kwa sababu ya kamba ya kiatu. Lakini hajalala vizuri wiki hii.

Niandikie neno moja tu kwamba u mzima. La hasira pia nitalipokea.

Sindano

---

21 Juni

Sindano,

Mimi ni mzima. Mwambie dada yangu kamba ile ilikuwa yangu.

Barua yako ya Aprili niliikuta mji wa sita. Nikaisoma nimesimama mapokezi, nikaenda moja kwa moja kubadilisha tiketi ili nirudi. Yule dada wa dirishani akaniuliza tarehe gani. Nikainama nikaviangalia viatu. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna, nikatoka. Nilitembea mpaka nje ya mji, barabara ya kokoto, mpaka nikachoka hasira, na miguu haikuuma. Ningependa sana ingeuma. Ningekuwa na la kukuandikia.

Tangu hapo nimeanza barua hii mara tano. Sasa sikiliza.

Ulikuwa unaniuliza nilikuwa nasikiliza nini. Mguu una mahali panapojificha. Mfupa umekaa juu, chini yake kuna kitu laini, na mahali fulani kuna sehemu ndogo ambayo mtu anailinda na hajui kama anailinda. Unaikuta kwa ncha ya kidole gumba, na macho yanasumbua tu. Mwaka juzi vidole viwili vya mkono wa kulia viliingia ganzi. Kisha vitatu. Kisha wa kushoto. Daktari alisema ni mishipa ya fahamu na haitarudi. Nilimshukuru nikaenda kazini, nikampima mtu alasiri ileile.

Na hili sijamwambia mtu yeyote. Sikusafiri kwa sababu ya daraja la mtaani. Nilipanga mwaka mmoja ili wateja wazoee kwenda kwingine polepole, kisha nirudi niseme nimechoka, nifunge karakana kimyakimya. Ndiyo maana nilikukataza kupima. Ungepima, karakana ingebaki hai, na watu wangeuliza kwa nini mimi sipimi. Nilikuwa tayari kazi yako ife ili aibu yangu isijulikane, na nikaiita hiyo utaratibu wa kazi. Nimeona haya kuiandika. Lakini nimeiandika.

Nimeanza kuona dunia tangu barua yako ya Aprili, si utani. Kabla yake nilikuwa naangalia miguu ya watu nikiwaaga. Sasa nauliza maswali. Wiki iliyopita nilikaa siku nzima na mwanamke anayeshona viatu vya wacheza ngoma jukwaani, jozi moja inakwisha baada ya onyesho moja na hasikitiki. Nimemchorea mshono wako wa kisigino. Amenichorea wake, nimekuwekea humu ndani. Mimi siuelewi, mikono yangu hainisaidii. Wewe utauelewa.

Safari sikati. Zimebaki anwani nne na miezi sita, na nataka kujua wanavyotembea watu kwenye theluji.

Kiti kiache bila shuka. Uwapime watu.

Mjomba wako

---

6 Julai

Shikamoo Mjomba,

Nimemsomea mama barua yako, na tulipofika pale kwenye ganzi akasema, "Nilijua, alikuwa anamwaga chai." Kwa hiyo sisi watatu wote tulikuwa tunajua na wote tulikuwa tunafichana. Sasa naona tulivyokuwa wapumbavu, nimecheka mpaka nikalia.

Ule mshono wa fundi wa wacheza ngoma nimeujaribu mara sita. Mara ya saba ukakaa. Umebuniwa na mtu mwenye akili na haraka.

Nimepima kumi na wanne sasa. Bado sifumbi macho, naogopa kusinzia. Ile sehemu ndogo uliyosema mtu anailinda, nimeikuta kwa mwalimu wa hesabu, chini ya kidole cha pili. Aliruka kidogo akaangalia pembeni, akasema hakuna kitu. Hatimaye ameagiza vipya.

Nina swali moja. Kalibu yako ya zamani bado ipo rafuni, ya kwanza kabisa mkono wa kushoto, pale wateja wanapoiona. Niifanyeje?

Sindano

---

12 Desemba

Sindano,

Kwenye theluji wanatembea kwa hatua fupi, wayo mzima chini, wanacheka wakianguka. Nimeanguka mara nne.

Ile kalibu ya zamani itumie kuzuilia mlango.

Viatu vyako vimemaliza dunia, soli imebaki karatasi. Nafika Januari tarehe tisa, saa nane mchana. Niandike kwenye daftari la wateja, mteja mpya, kama wengine walivyoandikwa. Nitakuja moja kwa moja kutoka kituoni, miguu ikiwa imevimba vizuri. Soksi nitavua mwenyewe.

Kwenye kigoda kaa wewe. Mimi nitakaa kwenye kiti, na safari hii nipime nikiwa macho.

Mjomba wako